Mtoto si mzito: siku tuliyompeleka mwanangu kupimwa

Leo sina la siasa wala la bei ya unga. Nina la nyumbani kwangu, na nimemuomba ruhusa mama watoto kabla ya kuliandika.

Mwanangu wa pili alipofika miaka 8 alikuwa ameshahifadhi zaidi ya nusu ya Juzuu Amma. Alihifadhi kwa masikio tu. Dadake mkubwa akidurusu sebuleni, yeye yuko chini ya meza na gari lake la kopo, na baada ya siku mbili tatu sura ilikuwa ni yake. Ukimsikiza ulikuwa ukisema huyu atakuwa hafidh inshallah. Lakini mfungulie msahafu pale pale, muoneshe kwa kidole aya aliyotoka kuisoma, umwambie "Haya, soma hapa", alikuwa akiganda. Anaangalia kidole chako, anaangalia uso wako, kisha anakisia.

Skuli mambo yalikuwa ni hayo hayo. Kitabu cha kusoma alikuwa akikijua ukurasa kwa ukurasa kwa sababu ya picha zake. Siku moja nikafunika picha kwa kiganja. Maneno yakakata.

Nilimwita mvivu, na nilimpiga. Si mara moja. Naandika hivi nikiwa na haya, kwani mimi ndiye niliyekuwa nikimpa kijiti mwalimu wa tuisheni na kumwambia "usimuonee huruma". Kwa miaka miwili nilikuwa nikilipa watu wanisaidie kumkosea mwanangu.

Bondeni, kama mujuavyo, mtoto halelewi na nyumba moja. Ripoti ya skuli ikitoka, jirani wa tatu ameshajua kabla hujafika kibarazani. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mmoja akasema ni simu. Mwengine akasema ni sukari. Mamangu akasema mtoto ana zongo, watu wamemuona akisoma Qur'ani kwa sauti nzuri wakamtia jicho. Tukamuandikia kombe akanywa. Mimi sijutii kombe, na dua ya bibi haipotei. Ninachojuta ni kwamba tulikunywa kombe, tukakaa, tukangoja mwaka mzima. Mtu akivunjika mkono husomewa na pia hufungwa banzi.

Aliyetuzindua ni mwalimu wake wa chuo. Tulitoka Isha, akanishika mkono akaniambia, "Ami, huyu mtoto wako kichwa chake ni chepesi kuliko wote nilio nao. Lakini herufi hazimkai. Nimefundisha miaka 20, nimewaona watatu au wanne wa namna hii, na wote niliwapiga. Huyu sitampiga. Mtafutie watu wanaojua." Kisha akanikumbusha kisa cha Nabii Musa, alayhi salaam, aliyekuwa na fundo katika ulimi, akaomba afunguliwe na apewe nduguye Harun wa kumsaidia. Akapewa. Hakuambiwa ajitahidi zaidi.

Sasa hao watu wanaojua ni kina nani? Hapa ndipo wazazi wengi wa kwetu tunapopotea, na ndiyo sababu ya makala haya.

Kenya ina vituo vya serikali vya kutathmini watoto kielimu, vinavyojulikana kwa ufupisho wao, EARC. Si vipya. Vilianza mwaka wa 1984 kwa msaada wa serikali ya Denmark, na miaka miwili baadaye, 1986, ikaanzishwa taasisi ya KISE kule Nairobi ya kuwafunza walimu wa elimu maalumu. Kwa hivyo huduma hii ina zaidi ya miaka 40, na mimi, mtu wa diploma, msomaji wa magazeti, mwandishi wa safu kama hii, sikuwa nikiijua. Nilikuwa nikidhani ni ya watoto wasioona, wasiosikia au wasiotembea. Njia ya kuifikia ni nyepesi: nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako, sema unataka mtoto atathminiwe, watakuelekeza. Mwalimu mkuu pia anaweza kukuandikia barua. Sisi tulikwenda na barua. Tathmini yenyewe hatukulipishwa, ila tulingoja, kwani maafisa ni wachache na watoto ni wengi.

Kabla ya yote tuliambiwa tupime macho na masikio. Hili niliona ni kupotezewa wakati. Halikuwa. Mtoto asiyeona ubao vizuri huonekana mjinga, na mtoto aliyewahi kutoka usaha masikioni mara kwa mara anaweza kuwa hasikii tofauti ya "pa" na "ba" mwalimu akiwa mbali. Wengi wa watoto wetu wa huku hupata masikio ya usaha na sisi hutia mafuta ya vuguvugu tukaendelea na shughuli zetu. Wapo wanaopelekwa kwa "ulemavu wa kujifunza" wakarudi na miwani, na mambo yakaisha hapo. Macho ya mwanangu yalikuwa mazima. Masikio pia.

Siku ya miadi tulipanda tuk-tuk sote watatu. Njiani kijana akaniuliza kama atadungwa sindano. Nikamwambia la. Akauliza kama watampasua kichwa waangalie ndani. Wallahi nilicheka, lakini baadaye nikawaza amelipata wapi hilo. Kwetu sisi. Ndivyo tulivyokuwa tukisema mbele yake, kwamba "kichwa chake kina nini".

Afisa alikuwa mwalimu wa kike wa makamo. Alimsalimu mwanangu kabla hajatusalimu sisi, akamkalisha na karatasi ya kuchora, kisha akatugeukia. Maswali yake ya kwanza hayakuwa ya skuli kabisa. Mimba ilikuwaje? Alipozaliwa alilia mara moja? Alipata manjano? Aliwahi kushikwa na degedege, au malaria kali ya kulazwa? Alitembea lini? Neno la kwanza alisema lini? Usidhani ni umbea. Watafiti wa KEMRI pale Kilifi wamefanya kazi kwa miaka mingi juu ya watoto waliopona malaria ya ubongo, na baadhi yao hubaki na athari katika kusema, kukumbuka na kujifunza hata kama mwilini wanaonekana wazima. Mtoto wa namna hiyo na mtoto kama wangu wanaweza kukaa dawati moja, wote hawajui kusoma, na msaada wanaouhitaji ukawa mbalimbali.

Kisha akauliza: katika jamaa, yuko mtu mwengine aliyepata shida ya kusoma?

Nikasema hakuna. Mama watoto akaniangalia. "Na ami yake?" akasema.

Ndugu yangu mdogo alitoka skuli darasa la sita. Sisi tulisema ni mtundu. Leo ni fundi wa mashine za boti, na hakuna mashine atakayoifungua ikamshinda kuirudisha. Lakini nimekula naye hotelini mara ngapi, na kila mara huagiza alichoagiza mwenzake. Risiti za wateja humuandikia mkewe. Miaka 30 nilikuwa nikiyaona haya na sikuwahi kuyaunganisha. Afisa akaandika, akasema shida hii mara nyingi hutembea ndani ya ukoo, kama urefu au rangi ya macho.

Baada ya hapo akamchukua kijana, sisi tukakaa nyuma kidogo tukaambiwa tusiseme kitu. Naeleza alivyofanya kwa kirefu, kwa sababu hofu ya wazazi ni kutojua kinachotokea ndani ya chumba kile.

Alianza na mchezo wa sauti, bila karatasi. "Sema kalamu." Akasema. "Sasa sema tena, lakini utoe *ka*." Akafikiri, kisha akatabasamu: "Lamu!" Akafurahi kwa sababu bibi yake mzaa mama ni wa Lamu. Lakini yaliyofuata yalimchosha. Neno "samaki" lina vipande vingapi? Sauti ya mwanzo ya "tembo" ni ipi? Lipi halifanani na wenzake, "paka", "kaka", "taka" au "pasi"? Mtoto wa miaka 9 aliyehifadhi sura zote zile alitoka jasho kwa "paka" na "pasi". Akaonyeshwa ukurasa wa picha za vitu anavyovijua, kikombe, jua, ng'ombe, kiti, azitaje mbio kwa mfululizo. Alivijua vyote, lakini alikwenda kama mtu anayetembea na viatu ndani ya mchanga. Akatajiwa nambari azirudie, kisha azirudie kinyumenyume.

Ndipo ikaja karatasi. Maneno ya kawaida kwanza, kisha maneno ya uongo, yaani maneno yasiyo na maana yoyote, mfano "bafuki" au "tomela". Nikajiuliza huyu mama anatuchezea? Hakuwa akicheza. Neno la kawaida mtoto anaweza kulikisia au kulikumbuka kwa sura yake. Neno la uongo huwezi kulikumbuka kwa sababu hujawahi kuliona, ni lazima uunganishe herufi. Kijana wangu alisoma maneno machache ya kawaida vizuri. Ya uongo alipata moja katika kumi. Kumbe miaka yote alikuwa hasomi. Alikuwa akihifadhi maneno kama anavyohifadhi sura.

Mwisho akampa vitu visivyo na kusoma: vipande vya maumbo vya kupanga, picha yenye sehemu iliyokosekana, hesabu za mdomo. "Umenunua viazi karai vya shilingi 30 na bhajia za 20, umetoa noti ya 100." Kabla hajamaliza, jibu limetoka. Maumbo aliyapanga haraka kuliko mimi, kwani nami nilikuwa nikiyapanga kimoyomoyo.

Hapo ndipo maana ya tathmini iliponiingia. Kama kila kitu kingekuwa chini sawasawa, mazungumzo yangekuwa mengine, ya mtoto ambaye akili yake kwa jumla inakua polepole, na huyo pia ana haki yake na njia yake. Lakini kinachotafutwa kwa mtoto kama wangu ni ule mteremko: huku juu, huku chini, katika kichwa kimoja. Mlango mmoja umefungwa katika nyumba yenye milango mingi wazi. Wataalamu wanauita ulemavu mahususi wa kujifunza, na huu wa kusoma wanauita disleksia. Upo pia wa hesabu, na upo wa kuandika.

Jambo hili halikuzuka juzi na simu za kisasa. Novemba 1896, mwaka ule ule reli ilipoanza kutandikwa hapa Mombasa, daktari mmoja wa Kiingereza, Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari la kwao kuhusu kijana wa miaka 14 aliyekuwa mwerevu katika kila kitu ila kusoma. Mwalimu wa kijana yule alisema kwamba masomo yote yangekuwa ya mdomo, huyu angewapita wote skulini. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka maalim wetu wa chuo. Huku Bondeni tuna skuli ya mdomo tangu zamani. Kwa hivyo tuna kipimo ambacho wengi hawana, na hatukitumii.

Nieleze hapa, kwani naona hili ndilo kubwa zaidi. Mtoto wa Bondeni hubeba lugha nne: Kimvita cha nyumbani, Kiswahili cha kitabu, Kiingereza cha skuli na Kiarabu cha chuo. Mbili tatu zinaandikwa kutoka kushoto, moja kutoka kulia. Mzazi akiona mtoto anafeli, hajui kama ni lugha au ni ulemavu. Afisa alitupa njia ya kutenganisha. Mtoto anayefeli Kiingereza peke yake, na Kiswahili anasoma, huyo mara nyingi tatizo lake ni kuwa Kiingereza hakimo nyumbani. Mtoto anayeandika "mato" badala ya "macho", au "kuteka" akimaanisha "kucheka", huyo anaandika lugha ya mamake. Apewe Kiswahili sanifu taratibu, asipewe jina la ugonjwa. Lakini mtoto anayekwama kwa Kiingereza, akakwama kwa Kiswahili, na akakwama kwa msahafu, ilhali akisomewa anashika, huyo usimngoje.

Nilipomueleza habari za Juzuu Amma aliweka kalamu chini akaniuliza tena. Akasema wazazi wengi hawamtajii chuo, wanadhani si mambo ya skuli. Basi nawaomba, mukienda, tajeni chuo. Na ikiwezekana nendeni na maneno ya maalim.

Kiswahili chenyewe kina mtego wake. Kinaandikwa kama kinavyotamkwa, "a" ni "a" kila mahali. Kwa hivyo mtoto mwenye shida hii, akishajua silabi, pengine hatakosea sana. Atasoma kwa usahihi, lakini polepole mno, na akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo. Hivyo ndivyo ilivyoonekana pia kwa lugha zinazoandikwa hivi, kama Kitaliano na Kifini. Mwalimu mwenye darasa limejaa husikia "amesoma" akapita. Ndiyo maana kasi hupimwa. Mradi wa Tusome, ulioanza katika skuli zetu mwaka wa 2015, ulitumia kipimo cha maneno 45 ya Kiswahili kwa dakika na 65 ya Kiingereza kwa mtoto wa darasa la pili anayesoma vizuri. Kiswahili ni kidogo kwa kuwa maneno yetu ni marefu, "tutakapowaona" ni neno moja kwetu. Mwanangu, gredi ya nne, alisoma maneno 16 ya Kiswahili. Na msidhani kuandika lugha nyepesi ni kwepesi: mwaka wa 2003 Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha utafiti wao kuhusu watoto wa Tanzania wanavyoendeleza maneno ya Kiswahili, na wakaonyesha kuwa mtoto ana kazi kubwa hata hapo.

Kitu chengine cha kuangalia ni kipimo chenyewe kimetoka wapi. Mtoto akionyeshwa picha ya theluji na glavu akashindwa kuitaja, hatujapima akili, tumepima hali ya hewa. Huku pwani tuna bahati kidogo. Kilifi, Profesa Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha ukuaji wa watoto wa miezi 6 hadi 35 kwa vitu ambavyo mtoto wa huku anavijua, na kikachapishwa mwaka wa 2008 kwa jina la Kilifi. Hicho ni cha wadogo, si cha kusoma. Lakini muna haki ya kuuliza: mtoto wangu atapimwa kwa lugha gani? Wetu alipimwa Kiswahili kwanza, Kiingereza baadaye. Kama angeanziwa Kiingereza nadhani angejifunga mdomo.

Je, upeleke mtoto wa umri gani? Kugeuza "b" ikawa "d" katika miaka 5 au 6 si kitu, karibu wote hufanya. Afisa alisema yeye hasemi kwa yakini kuhusu kusoma kabla mtoto hajafundishwa kusoma kwa mwaka mmoja au miwili. Ila aliyechelewa kusema, asiyeshika nyimbo za watoto, asiyekumbuka majina ya siku, mwenye ami au shangazi kama wa kwetu, huyo mumuangalie mapema. Na anayeumwa tumbo kila asubuhi ya skuli na Jumamosi ni mzima, tumbo lake halina kitu.

Tulipewa ripoti ya kurasa tatu. Ilisema akae mbele. Asiambiwe asome kwa sauti mbele ya darasa bila kutayarishwa. Maswali ya mtihani asomewe, aongezewe muda, na pale inapowezekana ajibu kwa mdomo. Asinakili ubao mzima. Nyumbani dakika 15 kila siku za silabi na sauti, si saa mbili za kilio. Na asirudishwe darasa, kwani kumrudia mtu yale yale kwa njia ile ile ni kumchosha tu.

Nikaipeleka skuli nikiwa na furaha. Skuli siitaji, na mkuu wake ni mtu mwema. Akaisoma, akaikunja, akaniambia, "Mzee, nina mwalimu mmoja na watoto zaidi ya 60 mule ndani." Ikatiwa katika faili. Wiki tatu baadaye mwanangu alisimamishwa asome kwa sauti, wenzake wakacheka, akarudi nyumbani bila kuzungumza.

Kwa hivyo nisiwadanganye. Karatasi haifundishi mtoto. Katiba ya 2010 katika kifungu cha 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na wenzake, na sheria ya elimu ya msingi ya 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi mwilini au kiakili, na kumrudisha darasa hivi hivi. Maneno mazuri. Lakini sheria haikai darasani, anayekaa darasani ni mwalimu mmoja na watoto wake 60. Tulichofanya ni kurudi mara tatu, mama watoto mara mbili na mimi mara moja, tukaacha kuomba yote. Tukaomba mawili: akae mbele, na asisomeshwe kwa sauti mbele ya watu. Hayo hayana gharama. Mwalimu wa darasa akakubali, na baada ya mwezi yeye mwenyewe akaanza kumsomea maswali ya jaribio. Nadhani mwalimu naye alihitaji kuambiwa kwamba hajashindwa.

Mambo mawili ya haraka ambayo wazazi huyachanganya. Ripoti ya EARC ni ya elimu. Kadi ya baraza la taifa la watu wenye ulemavu ni nyengine, na hiyo hupitia madaktari wa hospitali walioidhinishwa. Unaweza kuwa na moja bila ya nyengine. La pili, msaada katika mitihani ya KNEC, kama vile muda wa ziada, huombwa na skuli wakati wa kusajili watahiniwa. Hautolewi asubuhi ya mtihani kwa machozi ya mama. Mwenye mtoto wa gredi ya sita au ya tisa aanze mwaka uliotangulia.

Na wapo watakaowaambia mumpeleke mtoto katika kitengo maalumu. Kwa wengine ndiyo nyumba yao na wanafanya vizuri. Kwa mtoto ambaye shida yake ni kusoma peke yake, ulizeni mara mbili. Wetu ripoti ilisema abaki na wenzake.

Chuo ndiko kulikobadilika kwa haraka. Maalim alichukua ukili, akasuka herufi kubwa kubwa, alif, ba, ta, kijana azipapase kwa kidole huku akitaja sauti zake, herufi tatu kwa wiki na hazidi. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Sasa watoto wengine wawili wanakaa naye katika mkeka ule.

Ndugu yangu nilimsimulia yote haya kibarazani, na kahawa mkononi. Hakusema kitu muda mrefu. Kisha akauliza, "Na mtu mzima naye hupimwa?" Nikamwambia sijui, tutauliza. Akasema hataki kurudi skuli, anataka tu kujua.

Muhula huu kijana amefika maneno 29 kwa dakika. Si 45. Jana ilikuwa zamu ya silabi, akanitazama, akachukua mpira akakimbilia Makadara na wenzake. Nilitaka kumwita. Nikamuacha aende, tukasoma baada ya Maghrib.